Runingu: Pikipiki mpya irekebishwe kulingana na mzigo

Wamotari wanaopita Runingu, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu, hubeba abiria pamoja na magunia. Lakini pikipiki mpya ikitoka dukani, mara nyingi springi zake zimelegezwa kwa mtu mmoja. Dereva mwenyewe anaweza kuzikaza kwenye amortiseri za nyuma, pande zote mbili sawa.

Sheni nayo isivutwe sana. Kwenye pikipiki ndogo nyingi inatakiwa icheze sentimita 2 hadi 3, maana mzigo ukikaa nyuma, inazidi kukazika. Ikikatika, inaweza kufunga gurudumu na kuangusha watu.

Mwisho, freni zijaribiwe kwa mwendo mdogo, mzigo ukiwa juu, kabla ya kupakia abiria.