Maharage ya Kopo au ya Mama Ntilie: Yapi Makali?

Kuna watu wakisikia neno maharage tu wanakunja uso. Wanakumbuka bweni, foleni ndefu, sahani ya bati, na wadudu wanaoelea juu ya mchuzi. Wengi waliapa kabisa: nikimaliza shule, mimi na maharage basi!

Sasa mtazame mtu huyohuyo siku ya mshahara. Anaingia supamaketi, anatoka na kopo la maharage ya sosi ya nyanya kutoka ng'ambo. Asubuhi anayapasha, anayamwaga juu ya tosti, pembeni yai la kukaanga, na hapo anajiona yuko London. Ukimwambia "kaka, si ulisema umeachana na maharage?" atakujibu kwamba haya siyo yale.

Kwa taarifa yake, ni yaleyale!

NDUGU WA TUMBO MOJA

Maharage ya kopo ni yale madogo meupe. Meupe, mekundu, ya njano, hata yale ya kablanketi yanayosifika kwa rojo lake, yote ni ukoo mmoja ulioanzia bara la Amerika. Huku kwetu yalifika kwa meli, baada ya Wareno kuanza kupita pwani hii.

Mtu aliyeyapa umaarufu yale ya kopo ni Henry Heinz, mfanyabiashara wa Pittsburgh, Marekani. Kampuni yake ilianza kuyauza mwaka 1895, na baadaye Waingereza wakayapenda kuliko hata Wamarekani wenyewe. Lakini usidanganyike. Kule Uingereza si chakula cha matajiri. Ni msosi wa mwanafunzi wa chuo aliyeishiwa, na wa bachela aliyechelewa kurudi kazini. Yaani ni kama wali maharage wa mama ntilie hapa mjini!

Jambo jingine la kuchekesha: jina lake la Kiingereza linasema yameokwa, lakini kiwandani hakuna anayeyaoka. Yanachemshwa kidogo, yanatiwa kwenye kopo pamoja na sosi, kopo linafungwa, kisha linapikwa zima kwa mvuke wenye joto kali. Ndiyo maana ukifungua yako tayari, kazi yako ni kuyapasha tu.

TUHESABU SASA

Kopo moja la kawaida lina uzito wa gramu 415 hivi. Ukilimaliza lote peke yako unapata kama gramu 19 za protini na gramu 15 za nyuzinyuzi, na mafuta ni kidogo mno. Hapo hongera, umekula vizuri.

Ila geuza kopo usome maandishi madogo. Sosi ile tamu haikujifanya yenyewe. Kwenye kopo zima sukari inaweza kukaribia gramu 20, sawa na vijiko vinne vya chai au zaidi, ingawa sehemu yake inatoka kwenye nyanya. Chumvi ni kama gramu mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kwa hiyo nusu ya posho yako umeimaliza asubuhi, kabla hujala chipsi za jioni! Kama umezoea kununua, tafuta yale yaliyoandikwa kwamba yamepunguzwa sukari na chumvi.

Na yale ya chungu? Gramu 100 za maharage mekundu yaliyochemshwa zina protini karibu gramu 9. Ya kopo, kwa uzito huohuo pamoja na sosi yake, yana kama gramu 5 tu. Sukari ya kuongeza haipo, na chumvi unaipima mwenyewe kwa mkono wako.

Halafu kuna siri ya wazee. Protini ya maharage ina upungufu wake, na ya mahindi ina upungufu wake, lakini kinachokosekana huku kinapatikana kule. Ukila ugali kwa maharage, au makande, viwili hivyo vinazibana mapengo. Bibi yako hakusomea lishe, lakini alikuwa anajua anachofanya. Hata tosti na maharage ya kopo ni mchezo huohuo.

DADA, HII INAKUHUSU

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba hapa Tanzania wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Si mchezo! Sababu ziko nyingi, malaria na minyoo ikiwemo, lakini kukosa madini ya chuma na foleti kwenye chakula ni mojawapo. Maharage yanavyo vyote viwili.

Tatizo ni kwamba chuma cha maharage huingia mwilini kwa shida kuliko kile cha nyama. Dawa yake ni rahisi: kula pamoja na kachumbari yenye limau, au chungwa, au embe. Vitamini C inakisaidia chuma kupenya. Chai ya rangi inafanya kinyume, inakizuia. Basi kikombe chako kisubiri saa moja au mbili baada ya mlo. Na ukijiona unachoka ovyo na kizunguzungu hakikuishi, nenda hospitali ukapimwe damu. Usijitibu kwa sahani peke yake.

NA ILE AIBU JE?

Tuseme ukweli, wengi wanayakwepa maharage kwa sababu ya gesi, hasa kama kuna miadi na mwenzi! Ndani yake kuna aina za sukari ambazo tumbo haliwezi kuzivunja. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazisherehekea, na gesi ndiyo matokeo ya sherehe. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Gesi itapungua, na mkaa nao utapungua. Magadi yanalainisha haraka, sawa, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini B.

Onyo kwa mabachela wenye haraka: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu. Punje nne au tano tu zinaweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache. Moto mdogo pekee hauiui sumu hiyo. Lazima yatokote kwa nguvu, dakika 10 kwa uchache, na dakika 30 ni salama zaidi. Baada ya hapo punguza moto yaendelee hadi yalainike kabisa.

NANI MSHINDI?

Kopo linashinda kwa jambo moja: haraka. Usiku umeme umekatika, mkaa hakuna, hapo lina heshima yake. Lakini kwa protini, kwa chumvi, na kwa mfuko wako, chungu kinaongoza mbali. Pika sufuria moja Jumapili, gawa kwenye vibakuli, weka kwenye friza, wiki nzima una kopo lako mwenyewe.

Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maharage ya mama ntilie hayana tangazo wala karatasi ya kung'aa, lakini nenda saa saba mchana uone kama utayakuta!