Spea ya bunduki haibebwi kama spea ya pikipiki

LILONGWE – Kabla basi halijaondoka Mbeya kuelekea mpaka wa Kasumulu, mfanyabiashara huombwa mengi. Mpelekee dada dawa hizi. Mpe fundi wa Mchesi spea hii. Kuna ndugu atakupokea Dzaleka. Biashara yetu inategemea kuaminiana huko, na asiyebeba mzigo wa mwenzake leo hatabebewa wake kesho. Ila kuna chuma ambacho hata kaka yako akikupa, mrudishie.

Bunduki za kutengeneza nyumbani si ngeni katika ukanda huu. Tanzania huitwa gobole, kazi ya wahunzi wa vijijini. Mtutu wake mara nyingi ni bomba ambalo halikutengenezwa kuhimili kishindo cha baruti, kwa hiyo mwisho wake unajulikana: hupasuka. Mwenyewe hulipeleka likachomelewe. Fundi wa milango na madirisha ataziba ufa, lakini hana chombo cha kupimia kama chuma kilichobaki kitahimili mlipuko mwingine. Kikishindwa, kitapasuka karibu na uso wa aliyeshika.

Kwa bunduki inayojipakia risasi yenyewe, kuvunjika kuna matatizo zaidi. Sehemu zake hutegemeana, na nyundo peke yake haitoshi. Mwenye silaha haramu hutafuta kipuri cha kiwandani, na kipuri hicho lazima kisafiri. Hapo ndipo unapoingia wewe na begi lako la vitenge.

Sheria haingoji bunduki nzima. Itifaki ya SADC ya kudhibiti silaha, iliyotiwa saini hapa hapa Malawi, mjini Blantyre, Agosti 14, 2001, inagusa pia vipuri ambavyo bunduki haiwezi kufanya kazi bila hivyo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo huo inataja mtutu na komeo kwa majina. Wapo wanaojitetea kwamba gobole ni kitu cha kale. Itifaki hiyo ya Umoja wa Mataifa haihesabu kuwa ya kale silaha yoyote iliyotengenezwa baada ya 1899, hata ikifanana na ya babu.

Kwa hiyo mzigo ufunguliwe mbele ya aliyeuleta, kabla ya nauli kulipwa. Akikataa, abaki nao. Ukigundua ukiwa njiani, usimpe kondakta wala usitupe porini mtoto akauokote. Peleka polisi, useme ulivyoupata. Tanzania imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, lakini msamaha wa nchi moja hauvuki mto Songwe pamoja nawe.

Kwa mkimbizi hatari ni kubwa zaidi. Dzaleka, lililokuwa gereza enzi za Rais Banda, limekuwa kambi tangu 1994, na sera ya Malawi ni wakimbizi waishi humo. Mei 2023 serikali ilianza kuwaondoa waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, na maduka yakafungwa. Mtu ambaye karatasi zake za safari tayari hukaguliwa mara mbili, akikutwa na komeo la bunduki chini ya mchele, hataulizwa habari za mchele.