HEDHI NI KAZI YA MWILI, SI UGONJWA WALA UCHAFU



Hapa Thongpiny, kama mahali pengine pa kazi, mwanamke akiomba ruhusa ya kwenda chooni mara ya pili hununiwa. Wengi wanaonuna hawajui kinachotendeka mwilini mwake. Basi tueleze, na wanaume nao wasome.

Hedhi huendeshwa na homoni. Homoni ni mjumbe: hutengenezwa na tezi, huingia katika damu, na hupeleka amri kwenye kiungo kingine. Ofisi kuu iko ubongoni. Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, nayo ndiyo msimamizi.

Siku ya kwanza ya damu ndiyo mwanzo wa hesabu. Pituitari hutoa homoni ya kukuza yai katika ovari, yaani vifuko vya mayai. Yai likikua, ovari hutoa estrojeni, ambayo hujenga upya utando ndani ya mji wa mimba. Estrojeni ikizidi, pituitari hupata taarifa na kutoa amri ya pili: yai litoke. Hutoka siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata.

Kifuko kilichobaki hutoa projesteroni, inayoutayarisha utando kupokea mimba. Mimba isipotungwa, kifuko hicho hunyauka, homoni hushuka, na utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Kazi huanza upya. Kwa mwanamke mzima, mzunguko huchukua siku 21 hadi 35.

Haya yanatuhusu nini?

Kwanza, ofisi kuu husikiliza hali ya mwili mzima. Mwanamke akila kidogo na kufanya kazi nzito, au akiwa na mashaka makubwa, ubongo hupunguza amri, na hedhi huchelewa au hukoma. Kwa hiyo kukosa hedhi si lazima iwe mimba, wala si ushahidi wa kumtuhumu mtu. Apimwe.

Pili, yai likichelewa, kalenda hudanganya. Anayetegemea kuhesabu siku peke yake aweza kupata mimba asiyoitazamia.

Tatu, maumivu ni ya kweli. Homoni zinaposhuka, utando hutoa kemikali zinazoubana mji wa mimba. Na anayelowesha pedi au kitambaa kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo, asingoje: aende Hospitali ya Mafunzo ya Juba au kituo cha afya kilicho karibu. Kutokwa damu nyingi kila mwezi huleta upungufu wa damu, na mwenye upungufu wa damu aweza kuzimia mbele ya mashine.

Kwa hiyo tunapodai choo chenye mlango, maji, sabuni na ruhusa bila kukatwa mshahara, hatuombi upendeleo. Tunadai usalama kazini. Wanaume, mkutanoni msiwaachie akina mama peke yao kulisema jambo hili.