Pamba ya Safari: Kuchagua Chakula cha Hija na Kambi za Vijana

Inapokaribia tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Watakatifu Karoli Lwanga na Wenzake, Mashahidi wa Uganda, waamini wengi wa Afrika Mashariki hushika njia kuelekea Namugongo, mahali ambapo wengi wa mashahidi hao walichomwa moto mwaka 1886. Wapo wanaokwenda kwa basi, na wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi, wakilala katika parokia na shule za njiani. Vijana wetu nao hukutana katika kambi za likizo kwa sala na mafundisho. Nyimbo, sare na nauli huandaliwa mapema, lakini chakula hukumbukwa jioni ya mwisho. Ndiyo maana wapo mahujaji wanaoishiwa nguvu au kuugua tumbo siku ya pili, na safari waliyoiombea mwaka mzima ikakatika.

Maandiko Matakatifu hayadharau chakula cha njiani. Nabii Eliya alipochoka hata akatamani kufa, malaika hakumpa hotuba ndefu. Alimwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha akaenda siku 40 hadi mlima Horebu (1 Fal 19). Kanisa nalo huwapa walio katika hatari ya kufa Komunyo Takatifu kama pamba ya safari yao ya mwisho. Basi kuandaa chakula vizuri si ulafi wala upungufu wa imani. Ni kuutunza mwili tuliopewa ili uifikishe roho mahali pa sala.

Jambo la kwanza ni kuchagua chakula chepesi kubeba na kizito tumboni. Gramu 100 za karanga zilizokaangwa zina takriban kalori 570, ilhali kiasi hichohicho cha wali uliopikwa kina takriban 130 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya wali ni maji. Kwa hiyo karanga, korosho, kashata, tende na dagaa waliokaangwa wakakauka kabisa humfaa mtembea kwa miguu kuliko sufuria ya pilau. Visheti na maandazi makavu hujaza tumbo na kudumu siku kadhaa; chapati na viazi vitamu vya kuchemsha vifae kwa siku ya kwanza. Karanga zichaguliwe kwa uangalifu: zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaangwa.

Jambo la pili ni usalama. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, kwa kuwa vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60. Wali na nyama ya mchuzi vilivyofungwa alfajiri na kuliwa alasiri ni hatari, hata kama havijatoa harufu. Wali una hatari ya pekee: sumu ya baadhi ya vijidudu vyake haiharibiki kwa kupashwa moto tena. Mayai ya kuchemsha yaliwe kabla ya kuondoka.

Kwa vyakula vya dukani, tusome tarehe ya mwisho wa matumizi, na tusinunue kopo lililovimba, lililopasuka au lenye kutu. Samaki na maharage ya makopo hushibisha vizuri, mradi kopo likishafunguliwa liliwe lote papo hapo. Tambi za pakiti ni nafuu na vijana huzipenda, lakini zina chumvi nyingi na huongeza kiu. Zifae jioni, penye maji salama ya kutosha. Ladha nayo isidharauliwe, kwani aliyechoka hukosa hamu ya kula. Ndimu, pilipili kidogo na ubuyu havina uzito mkubwa, na huchangamsha kinywa.

Kila kundi libebe pia sukari na chumvi. Anayeharisha apewe maji safi na salama lita 1 yaliyochanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vijiko sawa bila kilele, kisha apelekwe kituo cha afya. Viongozi waulize mapema nani ana kisukari, na ni mtoto yupi hudhurika kwa karanga. Tukumbuke kwamba mfungo kabla ya Komunyo ni saa moja, na kwamba maji na dawa havivunji mfungo huo. Wazee na wagonjwa hawabanwi na sharti hilo. Hakuna sababu ya hujaji kuzimia kwa kiu akidhani anamheshimu Bwana.

Limebaki jambo ambalo mizani haipimi. Yesu alipowatuma wale Thenashara aliwaagiza wasichukue mkate (Mk 6:8), akiwafundisha kutegemea ukarimu wa watu. Katika kambi zetu, mtoto mmoja hufungua mfuko wa biskuti na soseji, na mwenzake hujifanya hana njaa kwa sababu hakuletewa kitu. Hapo mafundisho ya asubuhi hupimwa. Tunapendekeza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zichange mapema, zinunue kwa pamoja, na kila mmoja apewe fungu lililo sawa, bila kutaja nani alichanga na nani hakuweza. Kununua kwa pamoja hupunguza gharama, na humwezesha mjane au kijana asiye na kazi kusafiri bila aibu. Kinachobaki kigawiwe wenyeji waliotupokea, na makopo na mifuko irudi nasi. Njia ya hija isigeuzwe jalala.