Tom na Jerry: Kwa nini Tom anamkimbiza Jerry miaka yote na hamli?

Sote tumeiona. Iwe sebuleni kwenu, kwa jirani mwenye TV, kwa kinyozi ukisubiri zamu yako, au klipu ya dakika moja iliyotupwa kwenye grupu la familia. Paka anamkimbiza panya, paka anapigwa kikaango usoni, watu wanacheka.

Ila kuna swali ambalo watoto huuliza na wakubwa hulikwepa: hivi huyu paka ana njaa kweli?

Angalia nyumba anayoishi. Friji imejaa kuku, nyama na maziwa. Akimkamata Jerry, mara nyingi anamchezea tu mkia. Hata siku anapombana kati ya vipande viwili vya mkate, wewe mwenyewe unajua hatamla.

Jibu lipo kwenye katuni yao ya kwanza kabisa, iliyotoka tarehe 10 Februari 1940. Ukishaijua hiyo, hutaiangalia tena Tom na Jerry kwa jicho lile lile. Tom anaogopa kibarua chake kisiote nyasi.

Paka aliyepewa onyo la mwisho

Katuni hiyo inaitwa "Puss Gets the Boot", yaani paka anatimuliwa. Wakati huo Tom hakuwa Tom, aliitwa Jasper. Panya hakutajwa jina lolote.

Kisa chenyewe ni hiki. Jasper anamkimbiza panya, chombo cha maua kinavunjika. Mwanamke anayeitunza nyumba anakuja juu na kumwambia wazi: ukivunja kitu kingine kimoja tu, unatoka.

Panya amesikia. Na hapo ndipo kila kitu kinageuka.

Anapanda mezani, anashika glasi na kuinyoosha ukingoni. Kama kusema: haya, nisogelee. Paka mwenye meno na kucha anaganda. Anarudi nyuma, anakimbia kudaka glasi na sahani zisianguke, jasho linamtoka. Mwishoni vyombo vinaanguka, mwanamke anafika, na Jasper anatupwa nje. Panya anabaki ndani na kusimamisha kibao mbele ya tundu lake kinachosema hapo ni nyumbani.

Umeona mtego? Tom ana nguvu, lakini ana cha kupoteza: ana sehemu ya kulala, chakula, na bosi. Jerry ana tundu ukutani tu. Hakuna anayeweza kumfukuza kwa sababu hakuna aliyemkaribisha.

Ndiyo maana ukiangalia vizuri, katika katuni nyingi Tom ana macho mawili ya kazi: moja kwa Jerry, lingine kwenye ngazi au mlangoni, kuangalia nani anakuja.

Hata milioni moja haikutosha

Mtego huo ulirudiwa kwa sura nyingi. Mwaka 1944 ilitoka "The Million Dollar Cat". Tom anarithi dola milioni moja, kwa sharti moja: asimdhuru kiumbe yeyote, hata panya.

Jerry akishalijua sharti hilo, kwisha habari. Anamsumbua kitandani, anamsumbua mezani, na Tom anavumilia kwa sababu ya pesa. Mpaka inafika mahali hawezi tena. Anamgeukia Jerry kwa hasira zote, huku akitamka mwenyewe kwamba anatupa milioni, lakini ana furaha.

Mwaka 1949 wakaja na "Heavenly Puss". Humo Tom anaangukiwa na piano na kufa, na hawezi kupanda treni ya peponi mpaka apate sahihi ya Jerry kwenye cheti cha msamaha. Ana saa moja tu. Bahati yake inageuka kuwa ndoto.

Nyumba, pesa, pepo. Kila mara kuna mlango, na kila mara ufunguo anao yule mdogo.

Katuni yenyewe ilikaribia kutimuliwa

Waliobuni wawili hawa ni William Hanna na Joseph Barbera, vijana waliokuwa wakifanya kazi katika studio ya katuni ya MGM, Marekani. Katuni ya kwanza ilipotoka, majina yao hayakuonekana kwenye skrini. Aliyetajwa ni Rudolf Ising, aliyekuwa juu yao kazini.

Na bosi wa kitengo, Fred Quimby, hakutaka waendelee. Katuni za paka na panya zilikuwa nyingi sana, sasa hii mpya ya nini?

Lakini watazamaji waliipenda, na ikateuliwa kuwania Oscar. Haikushinda, tuzo ilikwenda kwa katuni nyingine ya MGM hiyo hiyo, "The Milky Way". Kisha ikafika barua kutoka Texas, kwa mtu wa biashara ya majumba ya sinema, akiuliza lini watatengenezewa nyingine za yule paka na panya.

Studio ikabadili mawazo. Wafanyakazi wakashindanishwa kupendekeza majina mapya, na mchoraji John Carr akashinda dola 50 kwa kupendekeza Tom na Jerry.

Tangu ile ya kwanza hadi mwaka 1958, katuni 114 za Hanna na Barbera zilitoka.

Mbona hawaongei na tunaelewa kila kitu?

Hapa kuna kazi kubwa ambayo huwa hatuioni.

Filamu ya sinema hupita kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Katuni ya dakika saba tu ni fremu zaidi ya 10,000. Si kila fremu ilihitaji mchoro mpya, lakini bado ni maelfu ya michoro ya mkono, bila kompyuta.

Barbera alikuwa na kipaji cha hadithi, vichekesho na michoro. Hanna alikuwa bwana wa muda: paka akimbie kwa sekunde ngapi, asimame kidogo hewani, ndipo aanguke. Kile kituo kifupi kabla ya kuanguka ndicho kinachokuchekesha. Ukikiondoa, unabaki na paka aliyeumia tu.

Mtu wa tatu ni Scott Bradley, mtunzi wa muziki. Yeye aliandika muziki uliofuata kila hatua. Jerry akinyata, vyombo vinanyata. Tom akiteleza kwenye ngazi, okestra nzima inateleza naye. Fumba macho uisikilize, utashangaa unavyojua kinachoendelea.

Na ile kelele ya Tom akiumia, iliyo maarufu kuliko maneno yoyote ya katuni hiyo? Ni sauti ya Hanna mwenyewe.

Kwa hiyo katuni hii haikuhitaji tafsiri. Mtoto wa Kigoma na mtoto wa Prague wanacheka sekunde ile ile. Baada ya kituo cha Cartoon Network kuanza mwaka 1992, ikaenea kwa dishi na kebo hadi kwenye nyumba ambazo hakuna aliyejua Kiingereza.

Mwanamke tusiyemwona uso

Lakini kuna mtu mmoja aliyekuwa akiongea. Unamkumbuka: miguu mikubwa, soksi, ndara, na ufagio mkononi. Ndiye aliyetoa lile onyo la mwaka 1940. Mashabiki wanamfahamu kwa jina la Mammy Two Shoes.

Alikuwa mwanamke mweusi, na sauti yake ilitolewa na Lillian Randolph, mwigizaji mweusi wa Marekani. Jina lake halikuwekwa kwenye katuni hizo. Uso wa mhusika nao ulifichwa karibu miaka yote. Ulionekana kwa kupita tu katika "Saturday Evening Puss" ya mwaka 1950, akikimbia kurudi nyumbani.

Namna alivyochorwa na lafudhi aliyopewa vilitokana na dhihaka ya muda mrefu ya Wamarekani weupe dhidi ya wanawake weusi waliofanya kazi za ndani. NAACP, chama kinachotetea haki za watu weusi Marekani, kililalamika. Mwaka 1952 akatokea kwa mara ya mwisho.

Kilichofuata ndicho kinachoumiza kichwa. Katuni hizo zilipopelekwa kwenye TV miaka ya 1960, sehemu zake zilichorwa upya: akawekwa mwanamke mweupe, mara nyingi mwenye lafudhi ya Kiayalandi, kwa sauti ya June Foray. Baadaye tena sauti ya mhusika wa awali ilirekodiwa upya na mwigizaji mwingine mweusi, Thea Vidale. Kwa hiyo wewe na kaka yako mnaweza kubishana alikuwa na sauti gani, na wote mkawa sahihi.

Miaka ya hivi karibuni Warner Bros, wamiliki wa sasa, wamekuwa wakiweka onyo mwanzoni mwa katuni za zamani. Wanakiri kwamba zina ubaguzi uliokuwa kosa wakati ule na ni kosa leo, na kwamba kuzificha kungekuwa sawa na kudai ubaguzi huo haukuwahi kuwepo.

Ni jambo gumu. Picha ile ilidhalilisha watu. Na kwa Randolph, katika Hollywood iliyowapa wanawake weusi nafasi za utumishi wa ndani na si nyingi zaidi, ilikuwa kazi. Mhusika aliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza Tom, mwisho wa siku akafutwa yeye.

Tuzo saba, jukwaani mtu mwingine

Tom na Jerry waliteuliwa kuwania Oscar mara 13 na kushinda mara saba. Miongoni mwa zilizoshinda ni "The Cat Concerto", ile ya Tom anapiga piano huku Jerry amelala ndani yake, na "The Two Mouseketeers", ambayo inaisha Tom akikatwa kichwa. Naam, katuni ya watoto.

Aliyepanda jukwaani kupokea tuzo hizo alikuwa Quimby, kwa sababu ndiye mtayarishaji. Yule yule aliyesema baada ya ile ya kwanza, inatosha.

Quimby alistaafu mwaka 1955, na Hanna na Barbera wakashika usukani. Hawakukaa sana. TV ilikuwa imeingia majumbani, na MGM ikagundua kwamba kuzirudisha sinemani katuni za zamani kunaingiza karibu pesa ile ile ya kutengeneza mpya. Sasa kwa nini wachoraji walipwe?

Mwaka 1957 simu ikapigwa: fungeni studio, waachisheni watu kazi. Miaka 17 ya kumtania paka anayeogopa kufukuzwa, wakafukuzwa wao.

Wawili hao wakafungua kampuni yao mwaka huo huo. Humo ndimo zilimotoka "The Flintstones" na "Scooby-Doo". Tom na Jerry walibaki MGM, na baadaye wakatengenezwa na Gene Deitch huko Prague, katuni 13 kwa bajeti finyu. Ndiyo zile zenye sauti za ajabu ambazo ukiziona unajua kuna kitu hakiko sawa. Kisha Chuck Jones, aliyekuwa ameondolewa Warner Bros, akatengeneza 34. Jumla 161.

Walipopatanishwa, utamu ukaisha

Mwaka 1975 Hanna na Barbera walipata nafasi ya kuwarudisha kwenye TV ya Marekani. Lakini sheria za vipindi vya watoto zilikuwa zimebana ukatili. Suluhisho? Tom na Jerry wakawa marafiki wanaosafiri pamoja.

Haikudumu. Na filamu ndefu ya mwaka 1992, ambamo wanaongea na hata kuimba, nayo haikufua dafu sinemani.

Sababu tumeshaiona. Ukiondoa ile hofu ya Tom, hakuna kinachobaki zaidi ya paka na panya wanaotembea.

Je, ni kweli walimalizikia relini?

Labda umetumiwa klipu ile: Tom na Jerry wamekaa kwenye reli, wamevunjika moyo kwa mapenzi, honi ya treni inasikika. Chini imeandikwa "hii ndiyo episodi ya mwisho". Watu wanalia kwenye komenti.

Klipu ni ya kweli, maelezo si ya kweli. Katuni hiyo ni "Blue Cat Blues" ya mwaka 1956. Tom anajitwika madeni kumridhisha paka jike ambaye anamchagua tajiri, na Jerry naye anakuta mpenzi wake ameolewa. Lakini baada yake zilitoka nyingine kadhaa; ya mwisho ya Hanna na Barbera kwa MGM, "Tot Watchers", ilitoka mwaka 1958, na humo wote wawili wako hai wakihangaika kumwokoa mtoto mchanga.

Na zile posti zinazodai Tom alijifanya kumchukia Jerry ili kumlinda? Ni tamu kusoma, ila msingi wa hadithi tumeshauona mwaka 1940: onyo moja, glasi moja mezani, na paka asiye na pa kwenda.

Usiku ukiikuta tena kwenye TV, mwache Jerry kidogo. Mwangalie Tom chombo kinapoanza kuanguka, kabla hakijagusa sakafu. Hamtazami panya. Anatazama mlango.