Je, Wajua? Kongwa: Karanga, Vifaru na Wapigania Uhuru

Ukitoka Dodoma kwa barabara kuu ya Morogoro, ukifika Mbande utakuta njia panda ya kwenda Kongwa. Ni mji mdogo wa Ugogo, nchi ya mtama, uwele, mibuyu na ng'ombe. Serikali ya Uingereza iliwahi kuteketeza mamilioni ya pauni hapa, na majengo iliyoyaacha hayakukaa miaka mingi kabla ya kupata wakaaji ambao London haikuwatarajia.

Je, wajua kwamba Kongwa ilitakiwa iwalishe Waingereza?
Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafuta ya kupikia na majarini Uingereza yaligawiwa kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka kwa wiki 9, ukarudi na mpango wa ekari milioni 3.2 kwa gharama ya pauni milioni 25. Eneo hilo ni kama mara 5 ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliukubali, na Kongwa ikawa kituo cha kwanza mwaka 1947.

Je, wajua kwamba vifaru vya kivita vilitumwa kufyeka pori la Kongwa?
Matrekta mengi yaliyonunuliwa yalikuwa mabaki ya vita, tena yaliyochakaa. Yaliposhindwa na visiki, kampuni ya Vickers ilichukua vifaru aina ya Sherman, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza kuwa matingatinga. Mbinu nyingine ilikuwa kufunga mnyororo wa nanga ya meli katikati ya matrekta mawili na kuuburura vichakani. Mibuyu nayo haikuanguka kimyakimya: nyuki waliokuwa wamejenga ndani yake waliwavamia wafyekaji, na baadhi ya wafyekaji hao wakaishia hospitali. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500, yaani ekari 5 katika kila 100.

Je, wajua kwamba karanga yenyewe ndiyo iliyoukataa mradi?
Ua la karanga huchanua juu, karibu na shina. Likishachavuka, kikonyo chake hurefuka, huinama na kujichimbia ardhini, na ganda huumbika humo humo udongoni. Ndiyo maana zao hili hutaka ardhi tifutifu, wakati wa kuchanua na wakati wa kuvuna. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua zikikatika, hukauka ukawa mgumu kama tofali la kuchoma, na karanga hubaki zimenaswa ndani. Mwenye robo ekari anaweza kuwahi kung'oa kwa mkono na jembe kabla unyevu haujaisha. Mwenye maelfu ya ekari na mashine zilizoharibika hana namna. Tena udongo huo una chembe ngumu za mchanga, zilizotafuna vyuma vya plau haraka kuliko vipuri vilivyoweza kuletwa. Juu ya hayo, mvua za Ugogo si za kutegemea, jambo ambalo mzee yeyote wa hapa angelieleza bila kulipwa posho.

Je, wajua kwamba mbegu zilizidi mavuno?
Inaelezwa kuwa mradi ulinunua tani 4,000 za karanga za mbegu, ukavuna nusu yake. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta na kukubali hasara ya pauni milioni 36.

Je, wajua kwamba Kongwa ilikuwa na reli?
Tawi lilichepuka kutoka Reli ya Kati pale Msagali kwa ajili ya karanga tu. Karanga zilipokufa, nalo likafungwa. Ilikuwepo pia shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Ilipofungwa mwaka 1958, nafasi yake ilichukuliwa na shule mpya Iringa, mahali palipo sasa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Je, wajua kwamba Samora Machel aliishi hapa?
Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Tanzania iliwapa wapigania uhuru eneo la Kongwa, jirani na stesheni iliyoachwa na mradi. Walianza FRELIMO ya Msumbiji, kisha wakaja ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, aliongoza kambi ya FRELIMO. Chris Hani wa ANC naye alipita hapa. Kongwa ndiko walikotoka pia wapiganaji wa SWAPO waliopambana na polisi wa Afrika Kusini huko Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Namibia huiadhimisha siku hiyo kila mwaka kama Siku ya Mashujaa. Wapiganaji hao walijifunza Kiswahili, wakacheza mpira na wenyeji, na baadhi yao walizaa nao. Waliofia hapa makaburi yao yapo Kongwa.

Je, wajua kwamba mambo yalijirudia Nachingwea?
Nako kulikuwa kituo cha karanga, nako kukawa kambi kuu ya FRELIMO. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za kusini, leo inasafirisha korosho. Urambo, kituo cha tatu, kikageukia tumbaku.

Je, wajua kwamba ng'ombe waliweza pale trekta liliposhindwa?
Ardhi iliyofyekwa iliota majani mazuri ya malisho. Leo Ranchi ya Kongwa, chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, ina hekta zipatazo 38,000 na ni maarufu kwa ng'ombe wa Boran. Wafugaji wa Kigogo walikuwa wakichunga hapa kabla ya Wakefield kuzaliwa.

Je, wajua kwamba watoto wa Kongwa wamechangia tiba ya macho duniani?
Tangu miaka ya 1980 watafiti walifuatilia hapa vikope, ugonjwa unaopofusha pole pole kwa kukunja kope zikakwaruza jicho. Waligundua kuwa mtoto mwenye tongotongo na nzi usoni ana hatari kubwa zaidi, na kwamba kijiji kikihamasishwa kuwanawisha watoto, vikope vikali hupungua. Leo usafi wa uso ni moja ya nguzo 4 za Shirika la Afya Duniani za kupambana na vikope, pamoja na upasuaji, dawa na usafi wa mazingira. Kwa kaya iliyo mbali na kisima, kopo moja la maji latosha kunawisha nyuso za watoto kadhaa.