Mizizi Myekundu Kwenye Ua wa Shamba la Chai

Msomaji, ukisafiri kutoka Narok kwenda Kericho, ukishapita Mulot nchi huanza kubadilika mbele ya macho yako. Vilima vikavu vya vichaka hubaki nyuma, na kadiri gari linavyopanda ndivyo chai inavyotanda pande zote. Watoto garini huonyeshana chai. Vichaka havina wa kuviuliza.

Huko vichakani, na kwenye nyua za zamani, humea mtambaazi ambao wataalamu huuita Rubia cordifolia. Hauwezi kusimama peke yake. Huparamia vichaka vya wenzake kwa vijimiba vilivyopinda kama ndoana, na ukipita karibu hukushika shati. Shina lake lina pembe nne, na kwenye kila kifundo majani manne yenye umbo la moyo hulizunguka. Matunda yake madogo huiva meusi. Ni wa ukoo mmoja na mbuni na mkwinini, ingawa kwa kuutazama usingedhani.

Utajiri wake uko ardhini. Mizizi ni myekundu, na hutoa rangi ya nguo. Huanikwa, ikapondwa, ikalowekwa katika maji ya moto kiasi; yakitokota, rangi huelekea hudhurungi. Sufu iliyotangulia kuchemshwa na shabu huishika rangi hiyo vizuri kuliko pamba. Wahindi wametia nguo rangi kwa mmea huu tangu kale. Binamu yake wa Ulaya, Rubia tinctorum, ndiye aliyetia wekundu suruali za askari wa Ufaransa, mpaka mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani Graebe na Liebermann walipoweza kutengeneza rangi yake kutokana na lami ya makaa ya mawe. Wakulima wa Ufaransa wakapoteza soko katika miaka michache tu.

Wetu haukuwahi kuwa na soko kubwa la kupoteza. Adui yake ni panga: ua ukifyekwa ili kuongeza mistari miwili ya chai, nao huenda. Jembe pia, kwani anayeng'oa mzizi wote ameua mmea wote.

Mwanafunzi anayetaka kujaribu achimbe upande mmoja, akate mizizi michache, kisha arudishe udongo. Kipande kidogo cha sufu nyeupe kinatosha. Na avae shati kuukuu.